Mgongo wa Kioo ama wa Plastiki? Soma Hii Kabla Ununue Simu, na Kabla Uiangushe

Unaijua hiyo sauti. Unashuka mathree, simu inakuponyoka, inagonga lami mara moja, alafu kimya. Kabla hata uiname kuiokota ushaanza kuomba. Unaigeuza polepole ukitumai ni protekta tu imepasuka.

Siku hizi simu si ya kupigia watu peke yake. M-Pesa iko hapo. Msee wa boda na wa kupeleka mizigo anafuata ramani hapo. Dame anayeuza viatu Instagram, duka lake lote liko hapo. Na wengi hawajamaliza hata kuilipia. Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka wa 2020, kampuni zingine zikaingia biashara hiyo hiyo, na sasa wasee kibao wanatembea na simu wanayoilipia kidogo kidogo kila siku. Simu kama hiyo ikipasuka leo, deni la kesho liko pale pale. Waranti ya kawaida nayo haigusi simu uliyoiangusha mwenyewe.

Ndio maana swali la mgongo wa simu si la luku tu. Ni swali la doo. Tuangalie kioo na plastiki vinatofautiana vipi, na kisha cha maana zaidi: ni nini haswa huokoa simu ikianguka.

Kioo kilifikaje mgongoni?

Zamani simu karibu zote zilikuwa plastiki. Nokia 3310 ya mwaka wa 2000 ilikuwa plastiki mbele na nyuma, na ikianguka vipande vyake vilikuwa vinaachana: kava huku, betri kule. Wasee walicheka, wakazirudisha pamoja, maisha yakaendelea. Huko kuachana kulisaidia pia, kwa sababu sehemu ya nguvu ya pigo iliishia kwa vile vipande kuruka badala ya kuingia ndani ya simu.

Mwaka wa 2010 Apple wakaleta iPhone 4, kioo mbele na kioo nyuma. Ilikuwa inawaka vibaya sana kwa mkono. Kufika iPhone 5 ya 2012 walikuwa wamehamia alumini kwa sehemu kubwa ya mgongo. Alafu 2017, kwa iPhone 8 na iPhone X, kioo kikarudi.

Samsung nao walikuwa plastiki hadi Galaxy S5 ya 2014, ile ulikuwa unafungua mgongo kwa ukucha na kutoa betri. Mwaka uliofuata Galaxy S6 ikaja na kioo nyuma, na betri ya kutoa ikaisha hapo. Tangu hapo kioo kikawa alama ya simu ya bei, na plastiki ikaanza kuitwa ya masufferer.

Lakini cheki venye mambo yalienda baadaye. Mwaka wa 2020 Samsung walitoa Galaxy Note 20, simu iliyoanza kuuzwa Marekani kwa dola 999, na mgongo wake ulikuwa plastiki. Mwaka wa 2021 Galaxy S21 ya kawaida ikaja pia na plastiki, huku S21+ na S21 Ultra zikibaki na kioo. Google wameweka plastiki kwenye Pixel za bei ya kati kama Pixel 7a na Pixel 8a. Na 2025 Apple wakarudisha alumini kwa iPhone 17 Pro, wakaacha tu sehemu moja ya kioo mgongoni.

Kwa hivyo ukiona msee anakuchekelea juu simu yako ni plastiki, mwambie hata hao wenye kutengeneza bado hawajaamua.

Kampuni zinapendea nini kioo?

Sababu ya kwanza inatajwa kila mara: chuma huziba mawimbi. Simu inahitaji mtandao, Wi-Fi na Bluetooth, na ikiwa inachaji bila waya, umeme unapita kupitia mgongo. Mgongo ukiwa alumini mtupu, kuchaji bila waya hakuwezekani. Kioo hupitisha.

Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya stori. Plastiki pia hupitisha. Nokia Lumia 920 ya 2012 ilikuwa na mwili wa polikaboneti, ambayo ni plastiki ngumu, na ilichaji bila waya vizuri tu. Galaxy S21 ya plastiki nayo inachaji bila waya. Kwa hivyo mtu asikuuzie kioo akisema ati bila kioo hakuna kuchaji bila waya.

Sababu ya pili ndiyo kubwa: venye inakaa na venye inahisi. Kioo ni baridi ukikishika, kina uzito fulani, kinang'aa na rangi inatokea kwa kina. Ukishika simu mbili dukani, moja ya kioo na moja ya plastiki, mkono wako unakwambia ya kioo ni ya pesa hata kabla ujue bei. Hiyo hisia ndiyo unayolipia.

Shida ni kwamba ukifika nyumbani, kitu cha kwanza unafanya ni kuifunika na kava ya plastiki ya shilingi mia chache. Umelipia kioo, na hutakiona tena hadi siku ya kuiuza.

Kwa nini kioo hupasuka na plastiki hukataa

Simu ikianguka kutoka urefu wa mita 1.2, yaani karibu na kifua, inafika chini baada ya nusu sekunde ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 17 kwa saa. Huo mwendo wote lazima uishe simu ikigusa chini. Swali ni uishe kwa umbali gani.

Tuchukue simu ya gramu 200. Ikisimama ndani ya milimita 1, nguvu ya wastani inayoipiga ni karibu mara 1,200 ya uzito wake, sawa na kubebeshwa kilo 240 kwa kufumba na kufumbua. Ikipata milimita 3 za kusimamia, nguvu inashuka hadi kama kilo 80. Hizo milimita mbili za ziada zimepunguza pigo mara tatu. Shika hiyo hesabu, tutairudia tukifika kwa kava.

Sasa, plastiki ikipigwa hujikunja kidogo, kisha hurudi. Ule mkunjo unaipa simu umbali wa kusimamia. Plastiki inaweza kuchubuka, kuingia kidogo ama kupata alama nyeupe pembeni, lakini mara nyingi haimwagiki vipande.

Kioo hakina mkunjo wa maana. Kikibanwa kiko ngangari kabisa, lakini kikivutwa ni dhaifu. Kona ya simu ikigonga chini, kioo hujipinda kwa muda mfupi sana, na upande mmoja unavutwa. Kama kwenye huo upande kuna mkwaruzo, hata ule mdogo wa kutoonekana, ufa unaanzia hapo na kukimbia. Ndio maana simu inaweza kuanguka mara kumi bila kitu, alafu ya kumi na moja, tena kutoka kwa kiti tu, ikapasuka. Hiyo ya mwisho haikuwa ngumu kuliko zingine. Kioo kilikuwa kimejaa alama ndogo ndogo tayari.

Na si kila anguko ni sawa. Simu ikianguka bapa, nguvu inasambaa. Ikianguka na kona, nguvu yote inaingilia sehemu ndogo kama ukucha. Kona ndiyo adui.

Na hiyo Gorilla Glass je?

Gorilla Glass inatengenezwa na Corning, kampuni ya Marekani, na imekuwa kwenye simu tangu iPhone ya kwanza ya 2007. Ujanja wake uko hivi: kioo kinatiwa kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 400. Chembe za sodiamu zilizo juu ya kioo zinatoka na nafasi zao zinachukuliwa na chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Ni kama mathree ya abiria 14 ikabeba watu 20. Kila mtu amebanwa. Huko kubanwa kunafanya uso wa kioo kuwa mgumu kupasua, kwa sababu ufa lazima kwanza ushinde ile nguvu ya kubana.

Inasaidia kweli. Lakini soma madai yao vizuri. Gorilla Glass 5 ya 2016 ilisemwa kuhimili anguko la mita 1.6 hadi asilimia 80 ya mara. Maana yake ni kwamba hata kwa maabara yao, angalau mara moja kwa tano ilipasuka. Victus 2 ya 2022 walisema inahimili mita 2 kwenye kitu kama lami, lakini kwenye kitu kama zege walitaja mita 1.

Hapo ndipo Nairobi inaingia. Cabro za mtaa ni zege. Ngazi za ploti ni zege. Mita 1 ni urefu wa mfuko wa long'i yako. Na hiyo ni kioo kipya, bila mkwaruzo. Chako kina vumbi la mwaka mzima.

Tena, mtengenezaji anaweza kuweka kioo kizuri mbele na cha kawaida nyuma. Ile Ceramic Shield ambayo Apple walianza nayo kwa iPhone 12 mwaka wa 2020 ilikuwa ya skrini pekee. Mgongo haukuwa nayo. Usione jina kubwa kwa tangazo ukadhani simu nzima imefunikwa nalo.

Kioo na plastiki, uso kwa uso

Kuanguka: Plastiki inashinda, tena kwa mbali. Kumbuka lakini, skrini bado ni kioo kwa simu zote mbili. Mgongo wa plastiki unaondoa upande mmoja wa hatari, hauondoi yote.

Mikwaruzo: Kioo kinashinda. Funguo na sarafu huchora plastiki haraka, lakini kioo cha simu huzivumilia. Kinachochora kioo ni mchanga. Mchanga una kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Ukipenda kuweka simu kwa mfuko ule ule ulioingia na vumbi la murram, kioo pia kitachoka.

Joto: Kioo hupitisha joto karibu mara tano kuliko plastiki. Ukicheza PUBG ama Free Fire muda mrefu, simu ya kioo itatoa joto mgongoni haraka na utalihisi kwa vidole. Ya plastiki inalishikilia ndani zaidi. Kava nene inafanya zote zifanane.

Uzito: Plastiki ni nyepesi. Simu nyepesi inagonga chini na nguvu kidogo.

Luku: Kioo, hadi uvae kava. Ukiwa msee wa kutembea na simu uchi, kioo kinakutambulisha, na pia kinateleza kama samaki.

Gharama ya fundi: Plastiki, bila mjadala. Na hii inahitaji nafasi yake.

Bei ya kupasuka

Mgongo wa plastiki ukiharibika, fundi anaufungua, anaweka mwingine, na unaenda. Kwa simu nyingi za bei ya chini, kama zile za itel, Tecno Spark na Infinix Hot, hata usipobadilisha, simu inaendelea kupiga kazi.

Mgongo wa kioo wa Samsung umegandishwa na gundi. Fundi anaupasha joto, anauinua, anasafisha gundi ya zamani na kubandika mwingine. Inawezekana bila drama nyingi.

iPhone ndizo noma. Kuanzia iPhone 8 hadi 13, kioo cha nyuma kimegandishwa kabisa kwa fremu. Kukitoa, fundi lazima achome gundi na mashine ya leza ama abandue kipande kwa kipande, na chini yake kuna betri, nyaya na sehemu ya kuchaji bila waya. Apple walibadilisha muundo kwa iPhone 14 ya kawaida na 14 Plus mwaka wa 2022, mgongo ukawa unatoka, na mwaka uliofuata iPhone 15 zote zikafuata. Kama unanunua iPhone ya mkono wa pili, hiyo tofauti kati ya 13 na 14 inaweza kukuokolea pesa nyingi siku moja. Uliza bei ya kubadilisha mgongo kabla ununue, wala si baada ya kuanguka. Zunguka Luthuli Avenue, uliza mafundi watatu, utajua ukweli.

Na kuna kitu watu wanapuuza: simu iliyosemwa haiingii maji, mgongo ukipata ufa, hiyo kinga imeisha. Mvua ya Aprili haitauliza.

Utajuaje ni kioo ama plastiki dukani?

Plastiki ya siku hizi inang'arishwa hadi inakaa kioo kabisa, kwa hivyo macho peke yake hayatoshi. Jaribu hivi:

- Iguse na mdomo ama shavu. Kioo ni baridi, plastiki ni vuguvugu. Wacha muuzaji akucheke.
- Igonge polepole na ukucha. Kioo kinalia kwa sauti kali na fupi, plastiki inatoa sauti nzito ya kopo.
- Bonyeza katikati ya mgongo na kidole gumba. Plastiki nyingi huingia ndani kidogo, kioo hakitikisiki.
- Ingia GSMArena, tafuta simu yako, soma sehemu ya muundo. Wameandika kabisa mbele ni nini, nyuma ni nini na fremu ni nini.

Usikisie kwa bei wala kwa familia ya simu. Galaxy A34 na A54 zilitoka pamoja Machi 2023. A34 ina mgongo wa plastiki, A54 ina kioo cha Gorilla Glass 5 nyuma. Kwa picha zinakaa mapacha.

Kuna njia ya tatu pia: mgongo wa ngozi bandia. Haupasuki, hautelezi, na una luku yake. Ubaya ni kwamba unachakaa pembeni na kuchafuka, hasa ukiwa wa rangi nyeupe.

Kava: pale milimita zinapopatikana

Rudi kwa ile hesabu ya milimita 1 na milimita 3. Kazi ya kava ni moja tu: kuipa simu umbali wa kusimamia. Kama haikunjiki wala haibonyei, ni pambo.

Ukienda kuchagua, angalia hivi:

Kona. Zinafaa kuwa nene kuliko mahali pengine, ikiwezekana na mfuko mdogo wa hewa ndani. Hizo kava za uwazi zenye kona zilizovimba hazina sura ya maana, lakini zinafanya kazi.

Ukingo wa mbele. Laza simu kifudifudi juu ya meza. Skrini ikigusa meza, hiyo kava haikusaidii. Lazima ukingo uinuke kidogo juu ya skrini, na juu ya protekta pia.

Ukingo wa kamera. Kioo cha kamera huwa kimejitokeza nyuma. Kava inafaa kukizidi kimo.

Aina. TPU, ile laini inayofanana na mpira, ndiyo bora kwa bei. Silikoni ni laini na haitelezi, lakini inashika vumbi na inakataa kuingia mfukoni. Plastiki ngumu nyembamba inazuia mikwaruzo tu. Pigo linapita moja kwa moja. Zile za tabaka mbili, laini ndani na ngumu nje, ndizo za msee wa mjengo na wa boda.

Umri. TPU ya uwazi inageuka njano na kulegea. Ikiwa kava inatoka yenyewe ukiitoa simu mfukoni, imestaafu. Nunua nyingine. Bei yake haifiki hata kidogo ya bei ya skrini.

Toa kava mara moja moja uisafishe. Mchanga ukiingia kati ya kava na mgongo, kila ukitembea unasugua kioo chako, na tumeona hapo juu mikwaruzo huishia wapi. Simu ikipata moto sana ukiichaji, itoe kava ipumue.

Protekta na uongo wa 9H

Karibu kila protekta mtaani imeandikwa 9H, na muuzaji atakwambia iko karibu na almasi. Si hivyo. 9H ni kipimo cha penseli. Inamaanisha tu kwamba penseli ya 9H, ambayo ni ngumu sana kwa penseli, haikuichora. Mchanga hauna habari na penseli.

Hata hivyo weka protekta. Kazi yake ni kuchukua mikwaruzo na kupasuka kwanza, ili skrini ibaki bila zile alama ndogo zinazoanzisha ufa. Ikipasuka, imefanya kazi yake. Ibadilishe siku hiyo hiyo. Kutembea na protekta iliyopasuka miezi sita ni kujikata vidole bure. Na hakikisha imefika pembeni, kwa sababu ile ndogo inayoacha kingo wazi inaacha pale pale ambapo pigo hupenda kuingilia.

Tabia ndizo kava ya kwanza

Anguko nyingi si ajali za ajabu. Ni mahali pale pale kila siku:

- Mfuko wa nyuma. Unakaa, inapinda. Unaenda choo, inaingia. Isitoshe, ni zawadi kwa wezi wa stage. Peleka mfuko wa mbele.
- Mapajani kwa mathree. Makanga akiita stage yako unasimama ghafla, simu inaruka. Iweke mfukoni kabla ufike.
- Kuchaji kitandani. Unalala, unavuta waya, simu inaenda kwa tiles. Iweke chini tangu mwanzo; kitu kilicho chini hakina pa kuangukia.
- Boda. Kishikio cha bei rahisi hulegea kwa matuta. Tena Apple wenyewe walionya 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera. Tumia kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, ama weka simu mfukoni na usikize ramani kwa sauti.
- Mkono mmoja. Simu ya inchi 6.7 na kidole kimoja kinachotafuta kona ya juu, hiyo ni anguko inangoja siku. Kamba ya mkononi ama pete ya nyuma ni kitu cha bei ndogo na inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Imeanguka tayari. Fanya hivi

1. Usiifinyefinye. Kama kioo kimepasuka, bandika seloteipu ya uwazi juu yake. Inazuia vipande visikukate na vumbi lisiingie.
2. Ikiwa skrini bado inawaka, hifadhi vitu vyako hapo hapo: picha, majina ya watu, WhatsApp. Skrini iliyopasuka inaweza kuzima usiku huo.
3. Piga *#06#, andika namba ya IMEI mahali salama.
4. Angalia mgongo. Ukiona umevimba ama simu ina joto la ajabu, izime na usiichaji. Betri iliyoumia si ya kuchezewa.
5. Kabla ya kumpa fundi, toa laini na memori kadi. Usimwachie PIN ya M-Pesa kwa sababu yoyote; hakuna kazi ya skrini inayohitaji PIN ya pesa zako. Ikiwezekana keti hapo hadi amalize.
6. Uliza bei ya kipande na bei ya kazi zikiwa tofauti, na uulize akikiharibu kingine ndani itakuwaje. Jibu lake litakuonyesha kama ni fundi ama ni msee anajaribu bahati.

Sasa ununue gani?

Kama simu yako inakaa kwa boda, kwa mjengo, sokoni, ama mikononi mwa mtoto, chukua plastiki bila aibu. Kama bado unailipa kila siku, pia chukua plastiki, kwa sababu deni na skrini iliyopasuka pamoja ni mzigo wa watu wawili. Pesa iliyobaki, ongeza kwa hifadhi ama kwa betri. Hizo utazitumia kila siku, na hakuna kava ya kuzifunika.

Kama unafanya mboka ya ofisini, mikono yako imetulia na unapenda simu inayong'aa, kioo ni chako. Ila bajeti yako ijumuishe kava ya maana, protekta na bei ya mgongo mmoja wa akiba. Ukiona hiyo ya mwisho inakuumiza hata kuifikiria, basi hiyo simu bado haijakufikia.

Na usiku wa leo kabla ulale, laza simu yako kifudifudi juu ya meza. Kama skrini inagusa, kesho pitia dukani.